Delta ya Mto Tana na Watu Wake

Maneno ya hotuba kwa wenyeji wa Mkongani, Kwale



Mtu akisimama juu ya vilima vya Shimba huona nchi ikiteremka mbele yake hata pwani, na mito nayo ikiifuata nchi. Mto Mkurumudzi hutoka katika vilima hivi, ukaishia katika ghuba ya Gazi, penye mikoko. Mto Ramisi huishia katika ghuba ya Funzi. Na kusini kabisa Mto Umba, ambao chanzo chake ki katika milima ya Usambara nchini Tanzania, huingia baharini karibu na Vanga. Watu wa Mkongani, basi, ni watu wa juu ya maji. Wakifyeka msitu, au wakilima hata ukingo wa kijito, habari zake hufika chini kabla wao wenyewe hawajafika.

Hotuba hii inahusu watu walio upande wa pili wa jambo hilo, yaani watu wa chini ya maji. Nao ni wenyeji wa delta ya Mto Tana, upande wa kaskazini wa pwani hii hii ya Kenya. Yafaa habari zao zijulikane, kwa kuwa mambo yaliyowapata wao yaweza kumpata kila mtu akaaye karibu na mto, mkubwa au mdogo.

NJIA YA KWENDA HUKO

Msafiri atokaye Kwale huvuka Likoni, akapita Mombasa, Kilifi na Malindi. Baada ya Malindi huendelea zaidi ya kilomita 100 katika nchi kavu yenye vichaka vya miiba, hata afike Garsen. Hapo mambo hubadilika ghafula. Mbele yake huona mto mpana wenye maji ya rangi ya udongo, na kutoka hapo hata baharini nchi ni tambarare kama mkeka uliotandikwa. Hakuna kilima wala jiwe. Mgeni atokaye katika milima huona ajabu kwamba mahali palipo juu kidogo kwa kimo cha mtu mmoja tu, wenyeji hupaita pa juu, na hapo ndipo wajengapo nyumba zao.

Watu wengi huuliza maana ya neno delta. Mto unaposhuka kutoka milimani hubeba udongo mwingi. Ukifika kwenye nchi tambarare, mwendo wake hupungua, nao hushindwa kuuchukua mzigo wake, basi huutua. Mwaka baada ya mwaka udongo ule hulundikana, na mto hujigawa katika mikono mingi ukitafuta njia ya kupita. Nchi iliyojengwa hivyo kwa udongo wa mto, karibu na bahari, ndiyo iitwayo delta. Kwa hivyo yaweza kusemwa kwamba ardhi ya Garsen na Kipini si mali ya Garsen na Kipini tangu asili. Ilitoka kwingine, ikaletwa na maji.

MTO WENYEWE

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Urefu wake ni kadiri ya kilomita 1,000. Maji yake hutoka katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Hushuka upande wa mashariki, kisha hugeuka kusini, ukapita Garissa, Hola na Garsen, na kuingia bahari ya Hindi hapo Kipini, katika ghuba ya Ungwana. Delta yake ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,300. Ndani yake mna mabwawa, maziwa madogo, mbuga za majani marefu, misitu ya kingo za mto, na karibu na bahari mna mikoko na vilima vya mchanga. Viboko na mamba ni wengi, na ndege wa majini hawahesabiki.

Mto huu haukai mahali pamoja. Katika karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji, uitwao Belezoni, ili kuunganisha Tana na Mto Ozi, mitumbwi ipate kupita. Mto ukaupenda mfereji ule. Maji ya mafuriko yakaupanua, na hatimaye sehemu kubwa ya Tana ikaifuata njia hiyo, ikatokea Kipini. Mlango wa zamani ukabaki na maji machache. Hivyo kazi ya majembe ya watu wachache iligeuza njia ya mto mkubwa kuliko yote nchini. Vijiji vingi vya delta navyo vimepata kuhama zaidi ya mara moja kwa sababu mto umehama.

WATU WA DELTA

Walio wengi katika wakulima wa nchi ile ni Wapokomo. Watu wa Kwale hawatawaona kuwa wageni kabisa. Wataalamu wa lugha huziweka Kipokomo, Kiswahili, Kingazija na lugha za Wamijikenda, Kidigo na Kiduruma zikiwamo, katika ukoo mmoja uitwao Sabaki. Na kama vile wazee wa Kaya wasimuliavyo habari za kutoka Shungwaya, wazee wa Kipokomo nao husimulia vivyo hivyo. Wapokomo hukaa katika kingo mbili za mto, hulima mpunga, mahindi, ndizi na maembe, na huvua samaki. Mtumbwi wa mti mmoja uliochongwa ndio baiskeli yao na ndio gari lao. Baraza la wazee wao huitwa Gasa.

Nyuma ya mashamba hayo, katika mbuga za majani, hukaa Waorma, ambao ni wafugaji wa ng'ombe, na lugha yao ni ya jamii ya Oromo. Wapo pia Wawardei, wafugaji vilevile. Kipini na visiwani mwa karibu wapo Waswahili na Wabajuni, mabaharia na wavuvi. Na katika maziwa ya delta wavuvi Wajaluo wamejenga makao yao tangu zamani kidogo.

Wamisionari walifika mapema. Wamethodisti walianzisha kituo Golbanti, ambako mwaka 1886 Bwana John Houghton na mkewe waliuawa katika shambulio. Mwaka uliofuata, 1887, Wajerumani wa misioni ya Neukirchen walianza kazi Ngao, wakafundisha kusoma na kuandika. Ndiyo sababu Wapokomo wengi wa chini ya mto ni Wakristo, na ndugu zao wa juu wengi ni Waislamu. Tena kuna jambo moja ambalo kila mtoto wa shule nchini hulitumia bila kulijua. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, sauti ya wimbo wa taifa ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Kila wimbo ule uimbwapo, iwe Kwale au Kisumu, sauti ya mama wa delta husikika ndani yake.

MWAKA WA MAFURIKO

Mtu wa Mkongani hutazama mbingu ili kujua wakati wa kulima. Mtu wa delta hutazama mto. Mvua za Garsen ni chache, haziwezi kuotesha mpunga peke yake. Lakini masika yanyeshapo katika milima ya bara, na tena vuli inyeshapo, mto hujaa na kufurika kingo zake. Mara nyingi maji hufika hali mbingu ya delta ni nyeupe kabisa, wala tone halijaanguka.

Mafuriko ya kiasi ni baraka. Maji hutandaa mashambani na kuacha tope jipya, ambalo ndilo mbolea ya nchi ile, wala halinunuliwi dukani. Mpunga hupandwa maji yajapo. Mahindi hupandwa kwenye kingo maji yashukapo. Maziwa madogo kama Shakababo, karibu na Ngao, hupata maji mapya na samaki wapya. Na mbuga hunywa hata kushiba, majani yakaota. Wakati wa kiangazi, nchi za Garissa na Ijara zinapokauka, wafugaji huja kwa maelfu ya ng'ombe wao kutafuta malisho hayo. Ili wafike mtoni bila kukanyaga mashamba, pana njia maalumu za mifugo ziitwazo malka. Desturi hiyo ni ya zamani: mkulima humwachia mfugaji njia ya maji, na mfugaji huchunga ng'ombe wake wasiingie shambani.

Karibu na bahari, katika vijiji kama Ozi, pana kilimo cha namna nyingine ambacho mtu wa pwani atakifahamu upesi. Maji ya bahari yajaapo, hasa siku za bamvua, huyasukuma nyuma maji matamu ya mto, hata yakapanda na kuingia katika vijito na mashamba ya mpunga. Bahari yapwapo, maji hushuka tena. Hivyo bahari yenyewe hufanya kazi ya pampu, bila mafuta wala moto. Lakini hila hii ina sharti moja: mto uwe na nguvu. Mto ukidhoofika, bahari haisukumi tena maji matamu. Huingia yenyewe, na chumvi yake.

Mafuriko ya kupita kiasi, kwa upande mwingine, ni msiba. Mwaka 1961 maji yalifunika nchi, vijiji vikazungukwa, na chakula kikapelekwa kwa ndege. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta tena gharika, na mafuriko ya 2018, ya mwisho wa 2023 na ya 2024 yaliwatoa maelfu ya watu majumbani mwao. Hata hivyo wenyeji wengi wakiulizwa ni lipi wanaloliogopa zaidi, watajibu kwamba ni mwaka ambao mto haukufurika. Mafuriko makubwa huchukua nyumba, nayo hujengwa tena. Mwaka usio na mafuriko huchukua shamba, samaki na malisho kwa pamoja.

MABWAWA YA JUU

Tangu 1968 mambo ya mto yamebadilika. Mwaka huo bwawa la Kindaruma lilimalizika, na baada yake yakafuata Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Masinga peke yake hufunika kadiri ya kilomita za mraba 120. Mabwawa hayo yana faida kubwa. Kwa miaka mingi umeme wake ulikuwa sehemu kubwa ya umeme wa Kenya, na taa ziwakazo Kwale na Ukunda zimepata nguvu kutoka maji yale yale. Jiji la Nairobi nalo hunywa maji ya Thika, ambao ni mto uuletao maji Tana.

Lakini maji yaliyozuiwa huko juu hayafiki chini kwa wakati wake. Mafuriko madogo ya kila mwaka, yale ya baraka, yamepungua. Udongo mwingi nao hutua katika mabwawa, badala ya kutua mashambani. Ajabu ni kwamba mabwawa hayakuweza kuyaondoa mafuriko makubwa: yakijaa pomoni wakati wa mvua nyingi, maji hayana budi kumwagika, nayo huteremka kwa wingi hata kwa watu wa chini. Kwa hivyo mtu wa delta amepunguziwa baraka, lakini msiba ameachiwa. Huko Ozi na Kau chumvi imepanda mtoni na kuingia katika mashamba na visima.

Serikali nayo ilijaribu kulima delta kwa njia mpya. Shirika la maendeleo ya mito Tana na Athi, lililoanzishwa mwaka 1974, lilitengeneza mashamba makubwa ya mpunga yenye mifereji na tuta. El Niño ya 1997 ikavunja tuta na kuharibu mifereji. Baadaye ukaja mpango wa kulima miwa katika maelfu ya hekta. Wenyeji waliuliza: ng'ombe watanywa wapi, na mpunga utalimwa wapi? Jambo likafikishwa mahakamani, na mashamba hayo ya miwa hayakulimwa.

UGOMVI NA MASIKILIZANO

Maji yapunguapo, watu hubanana. Mkulima husogeza shamba lake hata ukingoni kabisa, akaziba malka. Mfugaji akikuta njia imezibwa, na ng'ombe wana kiu, hupita shambani. Mwaka 2001 palitokea mapigano. Na kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 yakatokea mengine mabaya zaidi. Watu zaidi ya 100 waliuawa, wanawake na watoto miongoni mwao, na vijiji vikateketezwa. Kulikuwa na sababu nyingine pia, kama siasa na haki za ardhi. Lakini haiwezekani kuyaeleza mambo yale bila kutaja maji na majani. Wahenga walisema kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Na katika delta nyasi zenyewe ndizo zilizogombewa.

Jambo la kuwagombanisha watu wa mto si la Kenya pekee. Delta iliyo kubwa kuliko zote duniani iko Bara Hindi, hasa katika nchi ya Bangladesh, ambako mito ya Ganges, Brahmaputra na Meghna huingia baharini. Huko nako wakulima hulima mpunga kwa maji ya mto, husafiri kwa mashua kwenda sokoni, na hulima visiwa vya tope vinavyotokea mwaka huu na kumezwa mwaka ujao. Mwaka 1970 tufani ilipiga kisiwa cha Bhola na nchi zilizo karibu, na kwa makisio watu wasiopungua 300,000 walikufa. Baada ya hapo watu wa kujitolea walifundishwa kupiga mbiu vijijini kabla tufani haijafika, na nyumba imara za kukimbilia zikajengwa, hata vifo vya tufani vikapungua sana. Tena mwaka 1975 nchi ya India ilianza kuyageuza maji ya Ganges hapo Farakka, karibu na mpaka. Bangladesh, iliyo chini, ililalamika kwamba mashamba yanakauka na chumvi inapanda, kama wasemavyo watu wa Ozi. Ilipita miaka 21 ya kubishana. Mwaka 1996 nchi hizo mbili zilitia sahihi mkataba wa miaka 30 wa kugawana maji ya kiangazi. Manung'uniko hayakwisha yote, lakini palikuwa na karatasi ya kushikia na mahali pa kukutania.

Delta ya Tana nayo imepata hatua zake. Mwaka 2012 iliandikwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya nchi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Eneo lililoandikwa ni hekta 163,600. Na mwaka 2015 ukatolewa mpango wa matumizi ya ardhi ya delta, uliotengenezwa kwa kuwasikiliza wakulima, wafugaji na wavuvi, kijiji kwa kijiji. Ndani yake pana sehemu za kulima, sehemu za kulisha, na njia za mifugo. Mpango peke yake hauotwi mpunga, wala haunyweshi ng'ombe. Lakini una jambo moja ambalo mipango ya zamani haikuwa nalo: wenye nchi waliulizwa kwanza.

LA KUZINGATIA

Pengine mtu wa Mkongani atasema kwamba mambo ya Tana ni ya mbali, na ya kwamba hapa hakuna Masinga wala Farakka. Na atazame tena. Chemchemi ya Marere, iliyo ndani ya msitu wa Shimba, hupeleka maji Mombasa. Mkurumudzi hutegemewa na mashamba yaliyo bondeni mwake, na mikoko ya Gazi, ambamo samaki huzaliana, huhitaji maji matamu kutoka vilimani. Mkulima wa mpunga wa Vanga naye hungojea maji ya Usambara, nchi asiyoitawala wala asiyopigia kura. Kila mtu yuko juu ya mwenziwe na chini ya mwenziwe.

Basi habari za delta zina mafunzo matatu kwa wasikilizaji wa Kwale. Kwanza, ukingo wa mto si wa kulimwa hata majini. Miti ya ukingo ndiyo iushikayo udongo usije ukaenda kujaza ghuba ya jirani. Pili, njia ya maji na njia ya mifugo zisizibwe na mtu mmoja kwa faida ya mwaka mmoja, kwa kuwa kuzizibua hugharimu zaidi ya mavuno yale. Tatu, kila inapotokea kazi kubwa ya maji, iwe bwawa, bomba au kisima cha shamba kubwa, na walio chini waitwe barazani kabla ya kazi kuanza, si baada ya chumvi kupanda visimani.

Watu wa delta hawakuomba kwamba mabwawa yabomolewe. Wengi wao huomba jambo dogo zaidi: maji yafunguliwe kwa kiasi na kwa majira, ili mto ufurike kidogo kama zamani, na wapewe habari mapema wakati maji mengi yanapokuja. Ombi hilo lahitaji tu kwamba mtu wa juu ashikapo mlango wa maji, amkumbuke aliye chini.